Protini za Damu na Mwenendo wa Saratani ya Matiti

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nieleze iwapo damu ya mgonjwa inaweza kutuonyesha saratani ya matiti itaelekea wapi baada ya kugunduliwa. Inaweza, lakini kwa kiasi kidogo kuliko anavyodhani mgonjwa aliyeshika majibu ya maabara mkononi.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni CA 15-3. Katika titi lenye afya, protini iitwayo MUC1 hukaa kwenye upande wa seli unaotazama mfereji wa maziwa. Seli ikigeuka kuwa ya saratani, mpangilio huo huvurugika, protini hiyo huenea pande zote, na vipande vyake hukatika na kuingia katika damu. Maabara huvinasa kwa kingamwili, na nyingi huhesabu takriban yuniti 30 kwa mililita kuwa kikomo cha kawaida. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi wa hatua ya kwanza hawafikii kikomo hicho, ilhali mtu mwenye homa ya ini anaweza kukivuka bila kuwa na saratani yoyote.

Ni kweli kwamba, kwa jumla, wanawake ambao kiwango chao kiko juu kabla ya upasuaji huwa na matokeo mabaya zaidi. Hata hivyo, kujua kwamba hatari ni kubwa ni jambo moja, na kujua dawa itakayoipunguza ni jambo jingine. Vipokezi vya estrojeni (sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo) na HER2, protini inayochochea seli kukua, ambavyo hupimwa katika kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe wenyewe, humwelekeza daktari kwenye dawa. CA 15-3 haifanyi hivyo. Protini za uvimbe-joto, yaani zile zinazopanda mwili unapopambana na maambukizi au jeraha, kama CRP, zina udhaifu uo huo, kwani utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulizihusisha na maisha mafupi zaidi miongoni mwa wanawake waliokwisha kutibiwa, lakini CRP hupanda hata kwa maambukizi ya kawaida na kwa unene.

Wengine husema kwamba kuwahi kugundua kurejea kwa ugonjwa hakuwezi kukosa faida. Majaribio mawili ya Italia yaliyochapishwa mwaka 1994, ambayo kwa kweli yalitegemea zaidi picha za ndani ya mwili, kama eksirei, kuliko protini, hayakuonyesha kwamba ufuatiliaji mkali huongeza maisha. Dawa za wakati ule si za leo, na kwa maoni yangu mjadala huo haujafungwa. Lakini mwongozo wa mwaka 2007 wa ASCO, chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani, haukupendekeza CA 15-3 itumike kuwafuatilia wanawake wasio na dalili.

Mahali ambapo kipimo hiki kinastahili nafasi yake ni kwa mgonjwa ambaye saratani imekwisha kusambaa, hasa pale picha haziwezi kupima uvimbe vizuri. Hapo kinachosomwa ni mwelekeo wa namba kadhaa, zikipatikana kwa njia ile ile ya upimaji, kwa sababu mitambo tofauti hutoa namba zisizolingana. Hata hapo, katika wiki 4 hadi 6 za mwanzo wa dawa mpya kiwango kinaweza kupanda kwa muda ingawa dawa inafanya kazi, na daktari anayeharakisha kuibadilisha huenda akamnyang'anya mgonjwa tiba iliyokuwa imeanza kumsaidia.