Tulikunywa garanti ya nyumba: mazungumzo juu ya bajeti ya ndoa

PATRICK: Karibuni tena, nyote mnaotusikiliza kutoka komine zetu za Lubumbashi, Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, na kokote mliko. Niko na Yaya Mado, dada yetu mkubwa, kama kawaida. Leo habari inanihusu mimi mwenyewe: ninaoa mwezi wa saba.

MADO: Hongera tena, mdogo wangu. Mwezi wa saba ni mzuri. Mvua hakuna, watu wanaweza kukaa kwenye lupango, uwanja wa nyumba ya wazazi, na pesa ya sale, ya ukumbi, inabaki mfukoni.

PATRICK: Mama anataka sale.

MADO: Tutafika kwa mama. Kwanza niambie, garanti ya nyumba yenu, ile pesa ya kumwekea mwenye nyumba kabla ya kuhamia, iko wapi?

PATRICK: Tunaikusanya. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6.

MADO: Sheria ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Mwambie hivyo kwa heshima, pengine atapunguza. Lakini nimekuuliza iko wapi, kwa sababu yetu tuliinywa.

PATRICK: Mliinywa?

MADO: 2017. Tulikuwa na bahasha ya dola 900, garanti. Siku mbili kabla ya ndoa, depo ya vinywaji wakataka salio lao, la sivyo gari halitoki. Bwana yangu akaniangalia, nami nikamwangalia. Tukafungua bahasha. Jumapili asubuhi vijana wanapakia viti, mimi bado nina maua kichwani, na hatuna pa kwenda. Tulikaa kwa shemeji yangu Bel-Air miezi 14. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa pale, kwenye chumba cha kuazima.

PATRICK: Pole sana, Yaya.

MADO: Ndiyo maana ninakuambia: lipa nyumba kabla ya kuchapisha kadi. Usiiweke kwenye bahasha, maana bahasha inafunguka. Mpe mwenye nyumba, chukua risiti. Kinachobaki ndiyo bajeti ya ndoa.

PATRICK: Sisi tulianzia upande mwingine. Kamati ilikaa, kila mtu akasema atalipia nini, tukajumlisha.

MADO: Nimeleta daftari letu, nilijua utasema hivyo. Soma mwenyewe.

PATRICK: Kushoto, "ahadi", dola 2.350. Kulia, "mkononi"... dola 1.080.

MADO: Haifiki nusu. Na walioahidi hawakuwa waongo, hilo ninataka watu walisikie. Huyu hapa, mkataba wake wa kazi mgodini ulikatwa mwezi wa tano. Huyu alipata kilio nyumbani, pesa yetu ikazika baba yake. Ungefanya nini? Mtu ameahidi kwa moyo. Kosa ni letu, tuliagiza bia kwa kuhesabu upande wa kushoto.

PATRICK: Kwa hiyo ahadi zisiandikwe?

MADO: Ziandike. Lakini kila ahadi ipe kitu ambacho ndoa inaweza kufanyika bila hicho. Keki ya ghorofa tatu, mpiga video, gari la pili. Pesa ikifika, tunanunua. Isipofika, hakuna anayelala njaa wala anayekopa. Chakula, ndoa ya serikali kwenye komine na kanisa vilipwe na pesa iliyo mkononi.

PATRICK: Na dote, yaani mahari? Nilipata faktire, orodha ya wanachodai, wiki iliyopita. Mbuzi, koti la baba, bitenge vya mama, blanketi, halafu pesa.

MADO: Zungumzeni. Sheria ya familia inataka dote itolewe angalau sehemu kabla ya ndoa, haidai umalize yote siku moja. Na ujue nani ana neno la mwisho. Mchumba wako ni wa kabila gani?

PATRICK: Mubemba.

MADO: Basi mjomba wake mheshimu sana, upande wa mama una uzito kwao. Kwetu Waluba wa Katanga ungekwenda kwa upande wa baba. Ukikosea mlango unaweza kulipa mara mbili.

PATRICK: Kitu kingine kinachonisumbua ni dola na faranga. Tunaweka akiba kwa dola.

MADO: Na nyanya, mkaa, mafuta, mbuzi, vyote unanunua kwa faranga. Mwisho wa 2025 faranga ilipanda, dola ikashuka kutoka karibu 2.800 hadi chini ya 2.500. Aliyekuwa na dola 1.000 alipoteza zaidi ya faranga 300.000 bila kugusa kitu. Gawanya: vya sokoni viwekee faranga mapema. Na zile dola ziangalie moja moja. Sisi noti ya mia ilikataliwa kwa kipasuko kidogo kama ukucha wa mtoto.

PATRICK: Unga je? Watu lazima wale bukari, ugali wetu.

MADO: Unga wetu mwingi unatoka Zambia, unapitia mpaka wa Kasumbalesa. 2024 Zambia ilipopata ukame, hapa bei ilipanda vibaya. Ukiwa na pa kuhifadhi pakavu, nunua mifuko mapema. Lakini unga siyo unaoua bajeti. Kadi ngapi?

PATRICK: Mia mbili na hamsini.

MADO: Kila kadi imeandikwa nini?

PATRICK: "Bwana na bibi."

MADO: Basi ni sahani 500, Patrick. Bado hujahesabu watoto, waimbaji wa kwaya, madereva, na vijana wa lupango la jirani.

PATRICK: ...Tulipanga chakula cha watu 280.

MADO: Najua. Hata sisi. Shangazi zangu walitoka bila kula, na mmoja alikuwa amesafiri kutoka Kasenga na samaki za zawadi. Hilo bado linaniuma kuliko deni.

PATRICK: Mama ndiye aliyeandika orodha. Kuna watu wa kanisa lake la zamani, Likasi, ambao mimi siwajui hata sura.

MADO: Usimwambie "futa". Kaa naye jioni moja, mpe idadi, mwambie, mama, wewe una kadi 40, chagua mwenyewe. Mwache afute kwa mkono wake.

PATRICK: Atalia.

MADO: Atalia, utamshika mkono. Kadi zimeshachapishwa?

PATRICK: Zinachapishwa kesho asubuhi.

MADO: Piga simu kwa mchapishaji sasa hivi. Tutasubiri, wasikilizaji watatuvumilia.