Helikopta imo, pembe ya vugo haimo

Assalaam aleikum. Ahsanteni kwa kuja, na nyinyi wa huko nyuma sogeeni, viti viko hapa mbele, manake nitawachezea sauti kwa hii spika ndogo na mkikaa mbali hamtasikia tofauti ninayoisema, na mimi leo sina kingine cha kuwaletea ila hiyo tofauti.

Wengi wenu tayari mnaandika nota kwa programu ya MuseScore, ni ya bure na inaingia hata laptopu kuukuu, kwa hivyo sianzi na nota ni nini. Naanzia pale unapomaliza kuandika vugo yako, ile ngoma ya harusi ya kina mama inayopigwa kwa pembe ya nyati, vizuri kabisa, ukabonyeza icheze, na laptopu ikakujibu ko ko ko kama mtu anagonga mlango wa jirani. Hicho ni kibao cha mbao. Wewe uliandika pembe ya nyati, mashine imekupa kibao, na wewe umekubali! Hapo ndipo tunapogombana mimi na nyinyi kila mwaka.

Mashine haina njama yoyote, inafuata orodha tu. Orodha hiyo inaitwa General MIDI, ilitoka mwaka 1991, ina sauti 128 kila moja na namba yake. Namba 123 ni mawimbi ya pwani, 125 simu inalia, 126 helikopta, 128 mlio wa bunduki. Helikopta imo, yakhe! Zumari la India limo, namba 112. Afrika tumetajwa kwa kalimba, 109. Udi wa tarabu haumo, zumari letu halimo, siwa, lile baragumu kubwa, haimo, pembe ya vugo haimo. Waliokaa kupanga hiyo orodha hawakuwahi kualikwa harusi Lamu, siwalaumu. Ila nyinyi mmealikwa, mmekula biriani, mmesikia kwa masikio yenu, nyinyi hamna udhuru.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, mwalimu si hiyo ni sauti ya kujaribia tu, siku ya shughuli watakuja watu wenyewe na pembe zao. Hebu nikwambie yaliyotokea kwa kwaya moja ya shule, jina naliacha. Watoto wazuri, sauti tamu, wamefundishwa wimbo wa vugo kwa laptopu wiki tatu, kila siku ko ko ko, sawasawa bila kupanda wala kushuka. Siku ya mazoezi ya mwisho wakaja kina mama na pembe. Watoto wakashindwa kuingia. Mara ya kwanza wakawahi, mara ya pili wakawahi, ya tatu wakanyamaza wote wakawa wananitazama mimi. Manake kibao kinasema ko kinakufa hapohapo, lakini pembe ina mkia, inalia halafu inavuta kidogo, na mama anayeipiga hapigi mapigo yote kwa nguvu moja, kuna zito na kuna jepesi na wimbo unaingilia mgongoni mwa lile zito. Watoto hawakuwahi kulisikia zito. Wiki tatu mashine ilikuwa inawafundisha kitu chengine na sisi tunadhani wanafanya mazoezi.

Basi ndo nikaenda kwa bibi mmoja mtaa wa Langoni, amenikataza nisimtaje jina na nimemheshimu. Nikamwambia bibi nataka unipigie pembe, pigo moja, unyamaze, pigo moja, unyamaze, nirekodi. Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, pembe haipigwi bila wimbo. Ndoo Alhamisi, nitaita wenzangu." Nikamweleza kwamba kompyuta inataka sauti peke yake, nikamweleza tena, nikamweleza na tatu. Akanipa chai.

Alhamisi nikarudi, wako saba. Tukaanza kiwandani, yaani uani, haikufaa, kuta za mawe zinarudisha sauti na punda wa kichochoroni analia kila tukifika mahali pazuri. Tukaingia ndani, tukasimamisha godoro ukutani, tukatundika leso mlangoni, nikaweka maiki shibiri moja na nusu kutoka kwenye pembe ya bibi na wale waimbaji nikawaomba wakae nyuma ya maiki, mbali. Wakaimba robo saa nzima. Mimi usiku nikakaa na Audacity, programu ya kukata sauti, natafuta pale ambapo waimbaji wanavuta pumzi na pembe imebaki peke yake. Nikapata mapigo 11. Na wallahi hakuna mawili yanayofanana! Yako mazito, yako mepesi, yako yale ya kwenye ncha ambayo ni membamba kama kijiko kwenye gilasi. Kama bibi angenikubalia pigo moja unyamaze, pigo moja unyamaze, ningetoka na mapigo 11 ya mtu anayegonga pembe. Nilitoka na mapigo ya mtu anayepiga vugo. Nyinyi mkienda kurekodi muombeni mtu apige wimbo, kazi ya kukata ni yenu.

Sasa kuingiza, hii nitaenda mbio. Kila pigo likate liwe faili ya WAV, mono inatosha, na mwanzo usiache ukimya hata kidogo, ukiacha hapo kila pigo litachelewa na utadhani umeandika vibaya kumbe ni huo ukimya. Mkia usiukate, uache ufe wenyewe. Halafu fungua Polyphone, ni ya bure pia, hiyo ndiyo inayotengeneza saundifonti, yaani faili moja ya SF2 iliyobeba sauti zako zote. Ingiza zile WAV, na hapa nisikilizeni vizuri: saundifonti haijui kupokezanisha mapigo kwa zamu yenyewe. Ukiweka mapigo manne mazito kwenye namba moja yatalia yote pamoja. Kwa hivyo kila pigo mpe namba yake ya kinanda, zito la kwanza namba hii, zito la pili namba inayofuata, na seti yote iweke benki 128 ambayo ndiyo ya ngoma. Hifadhi, tia kwenye folda ya SoundFonts ya MuseScore, funga programu ufungue tena, nenda kwenye miksa uichague. Hiyo ni toleo la 4 lililotoka Desemba 2022, mwenye toleo la 3 anapitia dirisha la sinthesaiza.

Kisha lazima uiambie programu namba ipi inakaa mstari upi, ukihariri seti ya ngoma utaona nafasi ya jina, mstari na umbo la kichwa cha nota. Mimi mazito nimeyapa kichwa cha kawaida na ya ncha nimeyapa msalaba. Andika jina kwa Kiswahili, usiandike drum one drum two! Mtu wa Pate akifungua kazi yako aone pembe nzito, pembe ncha.

Kuna wanaosema hizi ni kelele za harusi tu, hazifai kuhangaikiwa hivi. Wareno waliokuja na Vasco da Gama hapo Malindi mwaka 1498 walikuwa wageni kabisa, lakini waliandika kwamba mfalme ana siwa mbili za pembe ya ndovu, ndefu kama mtu, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni. Mgeni wa siku chache alisikia akaandika mpaka tundu liko wapi.

Udi na zile robo toni za tarabu nilitaka niwaonyeshe lakini muda umekwisha, kwa ufupi nusu toni ni senti 100, kwa hivyo nota unayotaka iwe katikati unaishusha senti 50 ndani ya Polyphone na inalia pale unapotaka. Jengine, saundifonti haisafiri ndani ya faili ya nota, ukimtumia mwenzako nota peke yake yeye atasikia kibao, mtumie zote mbili. Na rekodi msitumiane kwa voisi ya WhatsApp, inakamuliwa mpaka mkia unakatika, itumeni kama dokumenti. Na mpigaji mtakeni ruhusa kwanza, kabla hamjatoa maiki.

Haya, adhana inakaribia. Kesho saa tatu asubuhi wanaotaka kujaribu wanikute hapahapa, njooni na laptopu na hedifoni, bibi amekubali kuja na wenzake wawili. Leso za kutundika mlangoni lete kila mtu moja. Sasa wewe kijana bonyeza hiyo laptopu, anza na kibao, halafu pembe.