Wimbo Lazima Ufanye Kazi: Kwa Anayeanza Kutunga Tamthilia ya Muziki

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, nanyi vijana mliojaa mpaka kwenye ngazi, ahsanteni. Nimeombwa nizungumzie namna mtu anayeanza anavyoweza kutunga tamthilia ya muziki, na baadhi yenu mmeshanisikia nikiyasema haya mahali pengine. Nitayasema tena, kwa sababu kila mwaka napokea miswada, na karibu kila anayeniletea huanza na maneno yale yale: "Mwalimu, nyimbo ninazo 12 tayari, sasa natafuta hadithi ya kuziunganisha." Huyo amenunua mabati kabla hajapata kiwanja.

Katika tamthilia ya muziki, wimbo ni tendo. Mhusika anapofungua kinywa kuimba anajua jambo moja, na anapofunga ubeti wa mwisho ama amejua jingine, ama ameamua, ama amevunja ahadi, ama amempoteza mtu. Mswada unapofika mezani kwangu, mimi huufunika wimbo kwa kiganja, nikasoma mstari wa mwisho wa mazungumzo uliotangulia na mstari wa kwanza unaofuata. Mistari ile miwili ikishikana bila pengo lolote, basi wimbo ule ni mgeni asiye na shughuli nyumbani humo, hata uwe mtamu kiasi gani.

Niruhusuni nieleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha kulieleza jambo hili. Mwaka juzi binti mmoja aliniletea onyesho la kwanza la tamthilia yake. Mhusika wake, msichana wa miaka 19, anaondoka Morogoro alfajiri kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na mama yake, muuza vitumbua, amemsindikiza stendi. Wimbo ulikuwa na beti nne, na zote nne zilisema kwaheri mama, usilie, nitarudi. Mahadhi yake yalikuwa mazuri kweli. Nikaufunika kwa kiganja: kabla ya wimbo kondakta anaita abiria, na baada ya wimbo kondakta anaita abiria. Basi lingeweza kuondoka bila wimbo ule, na hakuna ambaye angegundua kwamba kuna kitu kimebaki stendi.

Tulikaa na penseli tangu saa tisa mpaka magharibi. Nilimuuliza, ndani ya mkoba wa msichana mna nini? Akasema nguo. Nani alizipanga? Akafikiri, kisha akasema mama. Basi, nikamwambia, mwache aufungue huo mkoba wakati anaimba. Toleo alilorudi nalo baada ya wiki mbili lilikuwa na beti tatu. Katika ubeti wa kwanza msichana anaahidi kurudi kama kila anayesafiri anavyoahidi, macho yake yako kwenye basi. Katika ubeti wa pili anatafuta nauli, anakuta pembe ya khanga ya mama imepigwa fundo, na ndani ya fundo mna noti zilizokunjwa zinazonuka mafuta ya kukaangia. Anazitambua: ni mtaji wa unga wa kesho. Katika ubeti wa tatu anajaribu kuzirudisha, na mama, ambaye mpaka hapo hajaimba hata neno, anaimba mstari mmoja tu wa kukataa. Kiitikio hakikubadilika hata silabi. Ni lile lile "nitarudi", ila mwanzoni lilikuwa neno la kuagana, na mwishoni limekuwa deni. Ukiufunika wimbo huo kwa kiganja, kondakta anaita abiria vile vile, ila mama na binti wanaomsikia si wale wa mwanzo.

Hata hivyo, kulikuwa na kasoro moja iliyobaki, nami siwezi kuipita. Mtunzi alikuwa ameliweka pigo zito la ngoma, pamoja na noti ndefu kuliko zote, juu ya silabi "ni" ya "nitarudi". Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sote tunasema nita-RU-di. Mahadhi yakiuhamisha mkazo huo, sikio la msikilizaji linababaika nukta moja, na nukta hiyo inatosha kwa mstari unaofuata kumpita. Wakati mwingine maana yenyewe hugeuka. Neno "barabara" mkazo ukiwa kwenye "ba" ya pili, bara-BA-ra, ni njia ya magari. Mkazo ukirudi nyuma kwenye "ra" ya kwanza, ba-RA-bara, ni sawasawa, vizuri kabisa. Kabla hujagusa kinanda au gitaa, yaseme maneno yako kwa sauti huku ukipiga meza kwa kidole, na uandike mahali kidole kinapoangukia. Huo ndio mdundo wako wa kwanza, nao umeupata bure.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba watu wetu wanapenda nyimbo, watacheza na kushangilia hata wimbo usipofanya kazi yoyote. Nampinga kwa moyo wote, nami ni mpenzi wa taarab tangu utotoni. Wimbo wa taarab una kazi yake, tena kazi nzito: una fumbo, una anayelengwa, na mtu anaponyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji anakuwa ameliambia jambo ukumbi mzima. Wimbo huo unasimama kwa miguu yake. Ukiuchukua kama ulivyo na kuuweka katikati ya hadithi, hadithi italazimika kusimama kuungoja, na hadhira iliyokuwa inamwonea huruma msichana wa stendi itaanza kumtazama mwimbaji.

Sasa utaanzia wapi? Stephen Sondheim, mtunzi mashuhuri wa tamthilia za muziki wa Marekani, mzaliwa wa New York mwaka 1930, alikuwa na umri wa miaka kama 15 alipoandika tamthilia ya muziki kuhusu maisha ya shuleni kwao. Akaipeleka kwa jirani na rafiki wa familia, Oscar Hammerstein, yule aliyeandika maneno ya tamthilia ya muziki Oklahoma! ya mwaka 1943, akamwomba aisome kama kazi ya mtu asiyemjua. Hammerstein akamwambia kwamba, kwa masharti hayo, ni kazi mbaya kuliko zote alizopata kusoma. Halafu hakumfukuza. Aliketi naye mchana kutwa, akaanza na maelekezo ya kwanza kabisa ya jukwaani, wakapita mstari kwa mstari, akimweleza kila mahali kwa nini pamekosea. Sondheim alikuja kusema kwamba mchana ule alijifunza mengi kuliko watu wengi wanavyojifunza katika maisha yao yote.

Kisha Hammerstein akampa kazi nne. Ya kwanza, achukue tamthilia anayoipenda aigeuze kuwa ya muziki. Ya pili, achukue tamthilia anayoona ina kasoro, aigeuze huku akijaribu kuirekebisha. Ya tatu, achukue hadithi ambayo haijawahi kuwa tamthilia. Ya nne tu ndiyo awe ameibuni mwenyewe. Kazi hizo zilimchukua miaka, na hakuna hata moja iliyoonyeshwa na kampuni ya kulipwa. Lakini mwaka 1957, akiwa na miaka 27, jina lake lilikuwa kwenye tamthilia ya muziki West Side Story kama mwandishi wa maneno ya nyimbo, na hadithi ile nayo msingi wake ulikuwa Romeo na Juliet wa Shakespeare.

Vijana hukasirika nikiwaambia waanze na hadithi ya mwingine. Wanasema wana ya kwao. Sina shaka mnazo, na siku zake zitafika. Ila anayeanza anabeba mizigo mitatu kwa mpigo, yaani hadithi, maneno na mahadhi, na onyesho likianguka hajui ni mzigo upi uliomwangusha. Chukua ngano aliyokusimulia bibi yako, ambayo unajua inaanzia wapi na inaishia wapi, ujifunze kitu kimoja tu: mahali gani maneno ya kawaida yanamwishia mhusika mpaka hana budi kuimba. Ukishapapata mahali hapo mara tatu au nne, ndipo urudi kwenye hadithi yako.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa na mambo mengine matano. Nitayapitia haraka. Wimbo wa ufunguzi uandike mwisho, kwa kuwa ndio unaoiambia hadhira imekuja kutazama nini, na mpaka umalize hujui. Kazi ya mwandishi aliye hai, au aliyeacha warithi, iombee ruhusa kwa maandishi kabla hujatunga noti moja. Usitunge peke yako kama huwezi mahadhi. Tafuta mwenzako, mwandikiane mapema nani ana haki ya nini. Kuhusu ala na waimbaji wa nyuma, sitasema kitu leo.

La mwisho ni kusomewa, yaani kazi yako isikike mbele ya watu wengine ungali unaiandika. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walifanya mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia yao ya Kikuyu yenye nyimbo, hadharani, mbele ya wakulima na wafanyakazi wa viwandani, na wanakijiji waliwasahihisha lugha na nyimbo pasipo kuona haya. Serikali iliizuia tamthilia hiyo baada ya wiki chache tu, jambo linalowaonyesha jinsi maneno yake yalivyokuwa yamefika.

Basi Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, ukumbi huu huu, kila mmoja aje na onyesho moja lenye wimbo mmoja. Msiniletee wimbo wa pili. Mje na nakala mbili, moja ya kusomewa na mwenzako na moja ya kuchorewa na penseli yangu, na kabla hujatoka nyumbani, ufunike kwanza kwa kiganja chako mwenyewe.