Tafuta baridi kwanza: kuvua samoni kwa kukokota chambo

UPENDO: Haya, tumerudi. Tuko Moshi, Kiboriloni, dirisha liko wazi na mlima leo umejifunika. Mimi ni Upendo, mwenzangu kama kawaida ni kaka Godlisten. Kaka, umeweka kitu cha kijani hapa mezani, kina ndoano. Wasikilizaji hawakioni, hebu waelezee.

GODLISTEN: Kwanza shikamoo kwa wakubwa wote wanaotusikiliza. Hiki tunakiita kijiko. Ni kipande chembamba cha chuma, urefu wake kama kidole cha kati, kimepindwa kidogo ili kiyumbe majini. Upande mmoja fedha, upande huu kijani. Pitisha kidole hapa. Unasikia mikwaruzo?

UPENDO: Naisikia. Kama kimechorwa na msumari.

GODLISTEN: Ni meno ya samoni. Ziwa Michigan, Marekani, nje ya mji wa Ludington. Nilikaa kule, na kwa majira mawili ya joto nilifanya kazi kwenye boti la kupeleka watu kuvua. Uvuvi wenyewe ni wa kukokota: boti linakwenda polepole, chambo kinafuata nyuma, chini ya maji. Kila nikiwasimulia watu hapa mjini, wananiuliza, "Mlitumia chambo gani?" Chambo ni swali la tatu, dada.

UPENDO: La kwanza ni lipi?

GODLISTEN: Baridi iko wapi. La pili ni mwendo wa boti. Ukikosea hayo mawili, hata uwe na vijiko mia, utarudi nyumbani na vijiko vyako.

UPENDO: Anza na baridi.

GODLISTEN: Samoni na trauti ni samaki wa maji baridi. Samoni mkubwa wa kule, Chinook, anapenda maji ya nyuzi 11 au 12 hivi. Trauti wa ziwani anataka baridi zaidi, kama 8 hadi 10. Sasa mwezi wa saba na wa nane maji ya juu yanafika nyuzi 20. Pale juu hakai. Anashuka.

UPENDO: Kama sisi joto la mjini likizidi tunavyokimbilia Marangu.

GODLISTEN: Hivyo hivyo, ila mlima umepinduliwa, baridi iko chini. Na kuna tofauti moja kubwa. Ukipanda kwenda Mandara baridi inakujia taratibu, unavaa sweta, baadaye unavaa koti. Ziwani si hivyo. Maji ya uvuguvugu ni mepesi, yanaelea juu ya yale mazito ya baridi, kama mafuta juu ya mchuzi. Kati yao kuna ukanda mwembamba, na ndani ya mita chache tu joto linaanguka kutoka 18 hadi 10. Samaki wadogo wanajazana kwenye ukanda ule, na samoni anawafuata hapo.

UPENDO: Kwa hiyo ukishaujua, kesho unarudi palepale?

GODLISTEN: Hapana, kwa sababu unahama. Upepo ukivuma siku mbili kutoka nchi kavu, unayasukuma maji ya uvuguvugu kwenda katikati ya ziwa, na ya baridi yanapanda kando ya ufuko kuziba pengo. Samaki uliyemkuta mita 30 jana, leo yuko mita 12, tena karibu na nchi kavu. Ndiyo maana tulikuwa tunapima joto kila asubuhi kabla hatujafungua sanduku la vijiko.

UPENDO: Ngoja. Hawa samoni ni wa asili ya ziwa lile?

GODLISTEN: Si wa asili, waliletwa, na wewe uliyekulia Mwanza utamkumbuka sangara, naye aliletwa. Ziwa Michigan lilikuwa na trauti wake. Akaingia mnyonya damu mmoja mwenye umbo la mkunga, anaitwa lamprey, na pamoja na uvuvi wa kupita kiasi trauti wakaisha. Akaingia pia samaki mdogo kutoka Bahari ya Atlantiki, alewife, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumla, akazaana bila kipimo. Mwaka 1967 walikufa kwa wingi mpaka fukwe zikafunikwa na uvundo. Mwaka mmoja kabla yake, 1966, jimbo la Michigan lilikuwa limeshapandikiza samoni aina ya coho. Aliyesimamia ni Howard Tanner, mkuu wa uvuvi wa jimbo. Chinook walifuata 1967.

UPENDO: Na samoni wakawala wale wadogo.

GODLISTEN: Wakanenepa haraka ajabu. Vuli ya 1967 habari zikaenea, watu wakaja kutoka kila upande, wengi na vimashua vya mtoni. Septemba dhoruba ikawakuta majini. Watu saba wakafa.

UPENDO: Ee Mungu. Wasikilizaji wetu wa kanda ya ziwa, hili mnalijua kuliko mimi. Jaketi okozi linavaliwa tangu nchi kavu. Likiwa limekaliwa ndani ya mtumbwi halimsaidii mtu.

GODLISTEN: Kabisa. Na ziwa kubwa hugeuka ndani ya nusu saa.

UPENDO: Sasa nifundishe. Samaki yuko mita 25 chini, kijiko ni chepesi kama jani. Kinafikaje huko, na boti linatembea?

GODLISTEN: Hapo ndipo kuna ufundi ninaoupenda kuliko wote. Kuna kifaa kinaitwa daunriga. Ni roda yenye waya imara, imefungwa ukingoni mwa boti, na mwisho wa waya kuna tufe la risasi la kilo 5 hivi. Mshipi wako wenye kijiko unaubana kwenye kibanio kidogo karibu na tufe. Unashusha tufe, linakwenda na mshipi mpaka kina unachotaka. Kisha unakaza mshipi hadi fimbo inajikunja kama upinde, unaiweka kwenye kishikio chake, unasubiri.

UPENDO: Na samaki akishika?

GODLISTEN: Mshipi unachomoka kwenye kibanio. Fimbo iliyokuwa imeinama inanyooka ghafla, kwa nukta moja inasimama wima kabisa, halafu inainama tena, safari hii inapiga magoti mpaka ncha inagusa maji, na rili, kile kigurudumu cha mshipi, inaanza kulia. Nimeliona mara nyingi na kila mara moyo ulinipiga. Na uzuri wake ni kwamba uzito umebaki kwenye waya. Unapambana na samaki mwenyewe, huvuti risasi.

UPENDO: Tufe linakaa wima chini ya boti?

GODLISTEN: Haliwezi, maji yanalisukuma nyuma. Kihesabio cha waya kinasema mita 30, kumbe tufe liko juu zaidi ya hapo. Ukienda kasi au ukitumia tufe jepesi, kosa linakua. Angalia pembe ya waya. Wasio na daunriga wanatumia mshipi wenye kiini cha risasi, uliopakwa rangi tofauti kila yadi 10, yaani mita 9 hivi. Kwa mwendo wa kawaida kila rangi inakuzamisha kama mita moja na nusu. Rangi sita, mita 9 chini. Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, na inafanya kazi.

UPENDO: Mwendo wa kawaida ni upi?

GODLISTEN: Kwa samoni, kilomita 3 na nusu hadi 4 na nusu kwa saa. Toka Mnara wa Saa kwenda Mbuyuni bila haraka, umebeba kikapu. Trauti wa ziwani anataka polepole zaidi, kama 3. Lakini GPS inakupa mwendo wa juu. Chini kuna mkondo wake. Unaweza kwenda kaskazini ukapata samaki wanne, ukageuka kusini kwa mwendo uleule usipate hata mmoja, kwa sababu sasa unakwenda na mkondo na kijiko kimelala.

UPENDO: Utajuaje kasi wanayoitaka leo?

GODLISTEN: Usiende moja kwa moja. Pindapinda kama herufi S. Ukipinda kushoto, vyambo vya upande wa kulia vinaongeza kasi, vya kushoto vinapunguza na kuzama. Angalia fimbo ya upande gani inashikwa. Ikiwa ni ya nje mara mbili, ongeza mwendo. Samaki wenyewe wamekujibu. Ila pinda kwa upana. Siku moja niliachiwa usukani, nikapinda kwa ghafla. Mishipi sita ilijisokota ikawa kitu kimoja, na saa nzima asubuhi, ule muda mzuri, nilikaa nyuma ya boti nikikata na kisu wakati wateja wananitazama. Ile asubuhi haikurudi.

UPENDO: Pole kaka. Sasa swali la tatu, rangi.

GODLISTEN: Nyekundu inapotea kwanza majini, ukishuka kidogo tu inakuwa kama nyeusi. Kijani na bluu vinafika mbali. Alfajiri tulitumia vyenye rangi inayong'aa gizani, unavimulika tochi kabla ya kushusha. Na ndoano ijaribu kwenye ukucha: ikiteleza, inole. Hayo yanatosha kuhusu chambo.

UPENDO: Nakwenda kwetu mwezi ujao. Nikitaka kumkokotea sangara Ziwa Victoria, nishushe chambo kwenye baridi vilevile?

GODLISTEN: Hapana dada! Hili nataka lisikike vizuri. Ziwa Michigan lina kina cha mita 281 na hewa ya oksijeni inafika mpaka chini. Victoria ni pana kuliko Michigan lakini kina chake ni kama mita 80 tu, tena liko ikweta. Miezi ya joto maji ya chini kabisa yanaishiwa oksijeni, na sangara anaihitaji sana. Ukishusha huko unakokota chambo mahali pasipo na samaki. Kwa sangara tumia chambo cha umbo la samaki chenye mdomo wa kuzamia, pita kando ya miamba. Kule Rubondo, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, wanavua hivyo kwa kibali.

UPENDO: Lakini kupima joto bado nipime?

GODLISTEN: Pima, ulijue ziwa lenu. Huhitaji mashine. Chukua chupa ya kioo, ifunge jiwe, izibe kwa kizibo chenye kamba yake ya pili. Shusha, vuta kizibo, subiri ijae, pandisha haraka, tumbukiza kipimajoto.

UPENDO: Kamba nitaifunga vitambaa vya kitenge, kila mita kimoja.

GODLISTEN: Kila mita mbili inatosha. Na mita ya kumi weka rangi tofauti, maana ukiwa unayumba kwenye mtumbwi hesabu zinapotea.

UPENDO: Njano, basi. Ninayo vipande vya kutosha kwa fundi wangu.