Mpigieni wimbo kabla hajaanza kuhangaika

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Mi ni nesi, nahudumia wazee wenye demenshia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili kuchanganyikiwa, na ntaanzia kwenye ile saa mnayoijua nyie mnaouguza, jua likianza kuzama. Bibi kashinda vizuri tu, ghafla anazunguka nyumba nzima, kanga anaikunja anaikunjua, anataka kwenda kwao na kwao ndo hapo hapo, ukimshika mkono matusi.

Wengi tunakimbilia vidonge. Sikatai, kuna wakati vinahitajika, ila Marekani mamlaka ya dawa ilitoa onyo tangu 2005 kwamba dawa za antisaikotiki, zile za kutibu magonjwa ya akili, zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wa aina hii. Ndo maana muziki naujaribu kwanza. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazotunza nyimbo za zamani, Alzaima, aina ya demenshia inayowapata wengi zaidi, haizinyausha haraka kama nyingine, yaani jina la mwanae limeshapotea lakini kiitikio anacho!

Sasa wimbo gani? Hapo ndo tunachemka, tunaweka vile vimuziki laini vya kulalia. Linda Gerdner, nesi mtafiti wa Marekani, mwaka 2000 alilinganisha nyimbo alizozipenda mgonjwa mwenyewe na muziki wa klasiki wa Kizungu wa kutuliza, zile za mgonjwa zikashinda. Kwa hiyo piga hesabu, bibi kazaliwa 1948, ujana wake wa miaka 15 hadi 25 ni 1963 hadi 1973, tafuta taarabu na dansi la miaka hiyo, waulize na dada zake. Kama huwa anaanza saa 12 jioni, wewe washa saa 11 na nusu, akishawaka umechelewa. TV zima. Na redio hapana, tangazo likiingia na makelele yake umeharibu kila kitu.

Msitegemee miujiza lakini, uchambuzi wa 2018 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulijumlisha tafiti nyingi ukakuta muziki unasaidia huzuni na tabia kwa ujumla, ukali wenyewe wala haukupungua.

Na mi nishachemka pia. Kuna babu nilimwekea dansi la ujana wake, akainuka anatafuta viatu, anachelewa ukumbini, tukabishana mlangoni karibu saa nzima. Kesho yake nikamvisha viatu kabisa ndo nikawasha, akacheza pale pale sebuleni.