Steringi Hafi, Dereva Hufa

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu na dada zangu, asanteni. Nimeambiwa nina nusu saa, na anayenijua anajua nusu saa kwangu ni salamu tu. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, kwa hiyo sitaanza na historia ya Safari Rally, mbio zetu za magari, tangu 1953, wala sitawaeleza madereva Joginder Singh na Shekhar Mehta ni kina nani. Asiyewajua amuulize babake. Naingia moja kwa moja.

Mimi ni mtu wa tamthilia na mtu wa magari. Mpira pia, lakini huo ni wa kila mtu. Na ugomvi wangu ni huu: tumeanza kutazama mbio za magari kwa macho ya tamthilia, na macho hayo yanatupotosha.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulifundishwa sheria moja kabla ya kufundishwa hesabu: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Risasi zinamkwepa. Gari linaruka bondeni, linalipuka, yeye anatoka moshini akipangusa shati. Siku hizi tumehamia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na sheria ni ileile. Bibi amegongwa na gari, amelala hospitalini bila fahamu vipindi arobaini, na wanja haujafutika! Anazinduka nywele zimechanwa. Na mtazame huyo mchumba wake anavyokimbilia hospitali: spidi ya kufa mtu, simu sikioni, mshipi hajafunga. Sijawahi kumwona steringi akifunga mshipi. Inaonekana kule Istanbul ni mwiko.

Sawa, hiyo ni tamthilia, nami naipenda hivyo hivyo. Kuna mwandishi ameketi mahali anaamua nani afe na nani arudi msimu ujao. Lakini mtu yuleyule Jumapili anageuza chaneli, anatazama langalanga, yaani Formula One, na moyoni anangojea ajali. Msinung'unike huko nyuma, nawajua. Ajali ikitokea tunapiga ukelele, halafu pumzi haijashuka tunataka marudio. Asipoona ajali anakuja kuniambia, "Mzee, mchezo umekufa, magari siku hizi ni salama mno." Salama mno! Hilo neno likinifikia huwa najibu kwa hadithi moja tu, na walioisikia wavumilie.

Tarehe 29 Julai 1973, Zandvoort, Uholanzi. Kijana wa Kiingereza, Roger Williamson, yuko katika mashindano yake ya pili tu ya langalanga. Mzunguko wa nane gari linamponyoka, inaaminika kwa sababu ya tairi, linagonga ukingo, linapinduka, linateleza magurudumu juu huku linawaka. Kishindo chenyewe hakikumuumiza sana. Shikeni hapo. Yu hai, amenasa chini ya gari, na moto bado ni mdogo.

David Purley, dereva aliyekuwa akimfuata, anaona. Anasimamisha gari lake, anayaacha mashindano, anavuka barabara kwa miguu. Purley aliwahi kuwa askari wa miavuli, si mtu wa kutishika. Analishika lile gari linaloungua anajaribu kulipindua peke yake. Wasimamizi wa barabara wapo, lakini wamevaa nguo za kawaida, joto linawarudisha nyuma. Mtungi wa kuzimia moto uliopo ni mmoja. Purley anaunyakua, anaumaliza, moto haujazima. Anarudi kusukuma. Anawapungia madereva mikono wasimame, na hakuna anayesimama. Wala si kwa roho mbaya. Wao wanaona gari moja linaungua na mtu mmoja mwenye helmeti amesimama kando yake, wanadhani huyo ndiye mwenyewe, ameshajitoa. Gari la zimamoto linachelewa. Mashindano hayasimamishwi. Magari yanapita pale, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mwisho, na bingwa anapewa kombe lake.

Na yote hayo yalikuwa kwenye televisheni. Watu walikuwa wamekaa sebuleni, chai mkononi, wanamwona mtu mmoja anasukuma gari na wengine wamesimama. Picha zipo mpaka leo. Ukizitazama, usiutazame moto. Mtazame Purley mwishoni anapoondoka, mabega yameshuka, mikono imelegea kama si yake. Uingereza ilimpa nishani ya ushujaa. Williamson alikufa kwa kukosa hewa. Kilichokosekana pale ni watu watatu wenye nguo zisizoshika moto na mitungi miwili zaidi. Hicho ndicho kinachoitwa "usalama mno".

Mshindi siku hiyo alikuwa Jackie Stewart. Ulikuwa ushindi wake wa 26, rekodi mpya. Na Stewart ndiye aliyekuwa akitukanwa kwa miaka kadhaa kwa kudai hivyo hivyo: vizuizi, madaktari, zimamoto. Kwa nini yeye? Kwa sababu Spa, Ubelgiji, mwaka 1966, mvua ilimtupa nje ya barabara akanasa ndani ya gari, petroli inamlowanisha mwili mzima. Waliomtoa ni madereva wenzake, Graham Hill na Bob Bondurant, na spana ya kufungulia usukani iliazimwa kwa mtazamaji. Kwa mtazamaji! Mtu amekuja kula mkate wake na kutazama magari, ndiye mwenye vifaa vya uokoaji. Halafu ambulensi ikapotea njia ya hospitali. Tangu hapo Stewart akawa anabandika spana yake mwenyewe garini kwa utepe. Wakamwita mwoga. Mwoga mwenye mataji matatu ya dunia.

Najua kuna anayesema moyoni, "Lakini dereva anajua anachokifanya, na analipwa mamilioni." Haya. Na yule msimamizi wa kujitolea aliyeuawa na gurudumu lililochomoka Monza, Italia, mwaka 2000, alilipwa ngapi? Na mwenzake wa Melbourne mwaka uliofuata, gurudumu vilevile? Hao walikuja kupeperusha bendera na kubeba mitungi kwa mapenzi ya mchezo. Na wale zaidi ya 80 waliokufa kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1955, gari la Mercedes lilipowarukia jukwaani, walikuwa wamelipwa au wamelipa? Uswisi ilipiga marufuku mbio za barabara ya mzunguko kwa sababu ya siku ile. Tena hata siku ile mbio ziliendelea. Msiniletee habari ya mshahara.

Mwingine atasema mchezo umeharibiwa sura. Hapa tunaingia kwenye halo, na hapa ndipo huwa nakosa adabu. Halo ni ile pingu ya titani juu ya kichwa cha dereva, kilo kama 7. Ililazimishwa mwaka 2018 baada ya kifo cha Jules Bianchi, aliyegonga trekta la kuvutia magari kule Suzuka, Japani, mwaka 2014 akafariki mwaka uliofuata. Mashabiki wakalia kwamba gari limevishwa patipati. Kweli, mkanda ule unafanana na wa patipati, sikatai. Mkuu wa Mercedes, Toto Wolff, akasema angeletewa msumeno wa umeme angeikata. Hata baadhi ya madereva hawakuitaka, na mmoja wao aliitwa Romain Grosjean.

Mnajua ninakokwenda. Bahrain, tarehe 29 Novemba 2020, mzunguko wa kwanza. Gari la Grosjean linapiga kizuizi cha chuma kwa kilomita 192 kwa saa, linakatika vipande viwili, nusu ya mbele inachoma kizuizi na kupita upande wa pili, moto unafumuka. Yale mabati yangekutana na nini kama si halo? Na kichwa chake. Alikaa motoni sekunde kama 27. Mguu ulikuwa umenasa, akauchomoa kiatu kikabaki humo. Gari la daktari lilikuwa limeshafika, kwa sababu siku hizi hulifuata kundi zima mzunguko wa kwanza, na daktari mwenyewe akasogea mpaka kwenye moto. Grosjean alitoka na mikono iliyoungua, na baadaye akakiri hadharani kwamba bila halo asingekuwapo. Linganisheni sasa na Purley na mtungi wake mmoja.

Lakini tazama televisheni ilifanya nini. Mashindano yamesimamishwa, madereva wamekaa gereji wanatetemeka, skrini zote zinarudia ule moto. Pembe hii, pembe ile, polepole, tena. Dereva mwenzake, Daniel Ricciardo, alikasirika akasema waziwazi kwamba waliokuwa wakirudia picha zile walikuwa wakizichezea hisia zao. Nikamwambia mke wangu, huyu amenena. Mtu angali anapandishwa ambulensi, ameshakuwa kipindi. Na kweli akaja kuwa kipindi, kwenye ule mfululizo wa Netflix wa langalanga. Sasa mimi nautazama mfululizo ule, sitawadanganya. Umewaleta vijana na akina dada wengi kwenye mchezo, na hilo jema. Lakini dereva Max Verstappen aligoma kuushiriki wakati fulani akisema wanatunga uhasama usiokuwapo. Nilipomsikia nilicheka, maana ndivyo tamthilia inavyopikwa: lazima awepo mbaya, lazima awepo mnyonge, lazima kipindi kiishie mlango unapogongwa.

Kuna kisa cha NASCAR, mbio za magari za kule Marekani, ningekieleza kwa kirefu, nakikatiza. Kifaa cha kushika kichwa na shingo, HANS, kilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na profesa Robert Hubbard pamoja na shemeji yake, dereva Jim Downing. Shemeji wawili! Madereva wakakikataa, kinabana, kinaudhi. Mwaka 2000 wakafa watatu, mmojammoja, kwa majeraha ya fuvu na shingo. Bado. Februari 2001 akafa Dale Earnhardt, mzunguko wa mwisho wa mashindano ya Daytona, nyota wao mkubwa kuliko wote. Oktoba mwaka uleule vifaa vya aina hiyo vikalazimishwa. Tangu hapo mpaka ninapozungumza hakuna dereva aliyekufa mashindanoni katika daraja lao la juu. Karibu miaka ishirini kifaa kimeshabuniwa, kinangoja steringi afe.

Nije nyumbani, maana mwenyekiti ameanza kutazama saa. Naivasha. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Magari yenyewe sasa ni ngome: vizimba vya chuma ndani, viti vya kukumbatia kichwa, mikanda ya pointi sita. Barabara zinafungwa. Safari ya zamani dereva alikuwa akikutana na matatu na ng'ombe, ndiyo maana timu kubwa ziliweka helikopta imtangulie. Hiyo imekwisha. Aliyebaki uchi ni nani? Ni wewe uliyesimama kwenye kona ya Kedong.

Gari likishindwa kona haliendi ndani, linaendelea kule lilikokuwa linaelekea, yaani nje ya kona, na nje ya kona ndiko mnakojipanga kwa sababu picha inatoka vizuri. Ule utepe mnaouruka haukuwekwa na mtu mwenye wivu. Na vumbi la kule mnalijua, laini kama unga; gari la kwanza likipita, dereva wa pili hakuoni, nawe humwoni. Sasa wewe umeipa barabara mgongo, simu juu, unajipiga picha na gari linalokuja! Panda juu, kwenye kilima, upande wa ndani, nyuma ya utepe. Gari utaliona, na picha ya mgongo wake pia ni picha.

Nanyi vijana wa Subaru, mnaokuja na magari yenu, baada ya mkondo wa mwisho, yaani kipande cha mwisho cha mashindano, ile barabara ya kurudi Nairobi si mkondo. Hakuna mwelekezi wa kukusomea njia, hakuna kizimba, kuna lori la nyanya halina taa. (Kicheko.) Mnacheka. Mwaka 1986 kule Ureno mashabiki walikuwa wakishindana kuyagusa magari ya Group B, lile daraja la magari ya rally yenye nguvu mno, yakipita. Tarehe 5 Machi gari moja likawaingia, wakafa watatu, wakajeruhiwa zaidi ya 30, na madereva wa timu kubwa wakakataa kuendelea. Miezi miwili baadaye wakafa dereva Henri Toivonen na mwelekezi wake kwenye mbio za kisiwa cha Corsica, na Group B ikafutwa. Kwa hiyo mnaoililia Group B, jueni kwamba mashabiki walisaidia kuizika.

Mpira nilitaka kuusemea, nitausemea kwa pumzi moja. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon mwaka 2003 akafa. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen mwaka 2021, wenzake wakamzunguka kumkinga na kamera, mashine ya kushtua moyo ikaletwa, na mwaka uliofuata alikuwa akicheza ligi ya Uingereza. Nendeni uwanja wa kaunti yenu muulize mashine hiyo iko wapi. Mtaonyeshwa ndoo ya maji na sifongo.

La ndondi naliacha, mwenyekiti amesimama kabisa. Maswali yaanze na wale wa Subaru, naona mmeshakunja mikono.