Bando likiisha, antivairasi inabaki na nini?

ZUHURA: Karibuni tena. Kaka Baraka, hebu waambie wasikilizaji kisa cha flashi.

BARAKA: Dada, nilikwenda steshenari kuprinti barua ya mama. Narudi nyumbani, naichomeka kwenye laptopi yake, folda zote zimegeuka shotikati, yaani vile vialama vya njia ya mkato tu! Hata ile ya picha za harusi ya mdogo wangu inasoma kilobaiti 2. Nililowa jasho.

ZUHURA: Pole sana. Kirusi kile huficha folda zako, kisha huweka shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya tu, umekiwasha mwenyewe.

BARAKA: Kilichoniuma ni kwamba mama ana antivairasi, nayo ilikaa kimya.

ZUHURA: Bando lilikuwepo?

BARAKA: Liliisha tangu asubuhi.

ZUHURA: Basi ndiyo hapo. Antivairasi nyingi siku hizi zikikutana na faili ngeni huuliza kwanza seva, yaani kompyuta za mtandaoni za kampuni iliyozitengeneza. Intaneti ikikatika, zinategemea kile kilichomo ndani ya mashine tu. Wapimaji wa AV-Comparatives, kule Innsbruck, Austria, huonyesha asilimia ya virusi vilivyotambuliwa mtandaoni na ya vilivyotambuliwa bila mtandao. Kuna programu zinashuka sana kwenye hiyo ya pili. Kwa sisi wa bando la siku na flashi za kuazimana, mimi naanza kusoma hapo.

BARAKA: Na wale wapimaji wengine, AV-TEST wa Ujerumani?

ZUHURA: Wanatoa hadi alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi wa mashine na 6 kwa kutomsumbua mtumiaji. Hiyo ya mwisho usiiruke. Antivairasi ikishtaki faili zisizo na kosa kila siku, mama ataizima.

BARAKA: Halafu kuna matangazo yaliyokuwa yanachomoza pembeni chini, hata akiandika barua.

ZUHURA: Hayo mara nyingi huingia na programu ya bure. Mtu anabofya endelea, endelea, na kisanduku kimeshatiwa tiki. Kwenye Windows 10 na 11, ndani ya Windows Security, kuna swichi ya kuzuia programu zisizotakiwa. Hakikisha imewashwa. Yaliyokwisha kuingia, jaribu AdwCleaner ya Malwarebytes. Ni ya bure na haihitaji kusakinishwa.

BARAKA: Na antivairasi za bure zenyewe?

ZUHURA: Soma zinachukua taarifa gani. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliamuru Avast ilipe dola milioni 16.5, kwa sababu kumbukumbu za tovuti walizotembelea wateja wake ziliuzwa kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Watu walikuwa wameiweka iwalinde!

BARAKA: Inasikitisha kweli.

ZUHURA: Na picha za harusi je?

BARAKA: Niliweka bando, nikaisasisha antivairasi, nikasafisha laptopi na flashi. Kisha nikafungua dirisha la amri (Command Prompt), nikaandika amri ya kufichua folda, attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kwa kuwa flashi ilisoma E. Folda zikarudi moja moja. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniambia, "Fungua ile ya harusi kwanza."